Kipro kwa Mwezi wa Ngapi?

Mimi ndege nazijua kwa tumbo. Nimekaa Luano, Lubumbashi, miaka kumi na minane, upande huu ambapo ndege inashusha magurudumu yake juu ya mwembe wangu, na ukinizindua usingizini nitakuambia ile ya saa sita imechelewa au imewahi. Mgongo wake siujui. Kiti chake sijakikalia. Wageni wakija huniuliza kama kelele hainisumbui. Inasumbua, nawajibu, lakini namna harufu ya nyama ya jirani inavyosumbua.

Basi mwaka huu, mwezi wa pili, mtoto wa mdogo wangu anayesoma Kipro akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu za kwanza zilikuwa salamu na mbu wa zamani aliyemkumbuka. Dakika ya mwisho akasema: "Baba mukubwa, nimepata kibarua. Nusu ya tiketi iko kwangu. Utakuya mwezi gani? Weye chagula."

Chagula! Mtu wa umri wangu hajazoea kuambiwa neno hilo. Shule nilichaguliwa na padri. Kazi nilichaguliwa na mjomba. Mke nilichaguliwa na shangazi, na hapo silalamiki, maana anasoma safu hii. Sasa mtoto niliyemfuta kamasi ananiwekea miezi kumi na miwili mezani kama samaki wa Kasenga, nibonyeze mmoja mmoja nione upi mbichi. Nililewa. Na mlevi husema, ndiyo maana nikafanya kosa la kuwaambia watu.

Niwaeleze kwanza mahali penyewe. Kipro, ambayo vijana wetu wanaiita Chypre, ni kile kisiwa cha pembe ya mashariki ya Bahari ya Mediterania, kile cha Barnaba katika Matendo ya Mitume. Wanafunzi wa Kongo wako wengi upande wa kaskazini, upande uliojitangaza jamhuri mwaka 1983 na mpaka leo unatambuliwa na Uturuki peke yake. Kwa hiyo ndege ya kwenda huko ni lazima iguse Uturuki kwanza. Nilichukua ramani ya shule ya binti yangu, nikaweka rula juu ya Lubumbashi na kuipandisha. Sisi tuko kwenye nyuzi 27 na ushee za mashariki, Kipro iko kwenye 33. Ni juu tu, halafu kulia kidogo! Hata saa zetu ni moja wakati wa baridi yao. Kiangazi ndipo wanatutangulia kwa saa moja. Mtu wa kwenda juu tu anapelekwa Addis Ababa, kisha Istanbul, ndipo arudishwe Ercan, uwanja wa ndege wa huko, kama mtu wa kutoka Kamalondo kwenda soko la Kenya, hapa hapa mjini, anayepitishwa Kipushi.

Jioni ile ile baraza likakaa chini ya mwembe. Kulikuwa na mama watoto, katekista, fundi wa matairi wa barabarani, na mzee wa kona ambaye haalikwi lakini benchi lina alama ya makalio yake. Kati ya hao wote hakuna aliyewahi kuiona bahari. Hilo halikumzuia mtu.

Mama watoto ndiye aliyefungua. "Uende mwezi wa saba. Mgongo wako."

Alikuwa na hoja. Mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi baridi ya usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na watu wa Kinshasa wakishuka Luano na vishati vyao vyepesi tunawatazama kwa furaha ambayo si ya Kikristo. Mimi nalala na soksi mbili na koti la marehemu baba. Nikafikiri: huko ni kaskazini ya ikweta, kila kitu kitakuwa kimepinduka, kiangazi chetu ni masika yao. Nikamwandikia mtoto. Akajibu kwamba hapana, mvua ya Kipro inaanza kama mwezi wa kumi na moja na kwisha kama mwezi wa tatu, halafu ukavu mpaka mwezi wa tisa.

Lakini hiyo si kalenda yetu? Nilisikia vibaya, kama mtu aliyesafiri siku mbili akamkuta mdai wake anamngoja stendi. Mvua wakati mmoja na sisi, vumbi wakati mmoja na sisi. Tofauti ni hii tu: sisi mvua inakuja na joto na ukavu unakuja na baridi, wao mvua inakuja na baridi na ukavu unakuja na moto. Mwezi wa saba katika mji wao mkubwa wa Lefkoşa, ulio katikati ya kisiwa mbali na upepo wa bahari, mchana unapiga nyuzi 37 na kupita. Mgongo ungepona, kichwa kingepasuka.

Na huo ndio mwezi ambao Wazungu na Waturuki wote wanashuka na taulo zao, bei za vyumba zinapanda, na tiketi vilevile, kwa kuwa ndugu zetu wa Brussels nao wanarudi nyumbani kuonekana. Halafu mimi ni baba mukubwa. Ukavu ndio wakati wa kuchoma matofali na wakati wa kupokea mahari. Mwaka huu peke yake wachumba watatu wametangaza kuja, na mmoja wao ana wajomba wanaojua kupunguza. Nani akae kwenye kile kiti? Tarehe 1 mwezi wa nane ni sikukuu ya wazazi, watu wanakwenda makaburini asubuhi na jembe na ndoo. Nimwachie nani kaburi la mwenye koti? Mwezi wa sita, wa saba na wa nane ikafutwa kwa kikao kimoja.

Mzee wa kona yeye hakuwa na mwezi. Alikuwa na swali. "Kule kofia za bluu ziko?"

Ziko, nikamwambia. Mtoto aliniandikia kwamba mji wa Lefkoşa umekatwa katikati, na kati ya pande mbili wanakaa askari wa Umoja wa Mataifa.

"Tangu lini?"

"Tangu 1964."

Mzee akapiga goti. Yeye alikuwa kijana mdogo wakati kofia za bluu zilipokaa hapa hapa kwenye uwanja wa Luano, siku za Tshombe, siku zile ambazo Lumumba aliletwa hapa tarehe 17 Januari 1961 na hakuiona asubuhi. Anasema askari mmoja mwekundu kama nyanya alimpa biskuti iliyomvunja jino. "Walitoka hapa 1964," akasema. "Sasa najua walikokwenda." Akatulia, kisha akatoa hukumu ambayo imenishinda mpaka leo: "Kama toka siku ile hawajapata mwezi muzuri wa kutoka, weye utapata mwezi muzuri wa kuingia?"

Fundi wa matairi alitaka niende mwezi wa kwanza. Sababu yake ilikuwa tiketi za bei nafuu baada ya sikukuu, na nashuku pia mtaro wetu, ambao mwezi wa kwanza hujaa na mimi ndiye pekee mwenye koleo. Mtoto akatuma picha ya mwezi wa kwanza uliopita: amelala na koti, kofia na begi la shule juu ya miguu. Nyumba za kule, anasema, zimejengwa kwa ajili ya moto. Sakafu ni vigae, ukuta ni zege, na baridi ikiingia inakaa kama shemeji. Faida yake ni machungwa, maana upande wa Güzelyurt yanaiva wakati huo na miti inainama.

Lakini katika ujumbe huo huo aliongeza jambo dogo lililomwamsha mama watoto kuliko machungwa. Kule, wakati wa baridi, wanakunywa kitu cha moto kinaitwa salep: maziwa mazito, sukari, mdalasini juu. Na unga unaokifanya kiwe kizito unatoka kwenye viazi vidogo vya maua ya porini, maua ya jamii ya okidi. Mtoto alikunywa kikombe cha kwanza, akauliza kinatengenezwa na nini, akaelezwa, akaweka kikombe chini akaanza kulia mbele ya watu.

Kwa sababu hiyo ni kikanda! Msomaji wa pwani asiyejua kikanda, pole yako. Mama watoto anavinunua vile viazi vikavu, vidogo kama kende za mbuzi (samahani, sina mfano mwingine), anavitwanga vikawa unga, anachanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi kidogo, kisha anakoroga juu ya makala huku amekunja uso mpaka mwiko unasimama wenyewe. Hapo anafunika, anaweka makala ya moto juu ya kifuniko, na baada ya muda unatoka mkate wa kahawia unaokatwa vipande kama soseji. Ukiuma unanata kidogo kwenye jino na pilipili inakuja nyuma, taratibu, kama mtu aliyesahau kusema jambo mlangoni. Na watu wa Kipro kiazi hicho wanakitia sukari.

"Basi uende mwezi wa kwanza," akasema mama watoto, "ukawafundishe."

Mwezi wa tatu na wa nne niliipenda mwenyewe, kwa siri. Mvua yao imeisha, milima yao imejaa maua, na joto ni la kibinadamu. Ile milima ya kaskazini ina kilele kimoja kinachoitwa Beşparmak, yaani Vidole Vitano, kwa kuwa kinasimama kama ngumi iliyozikwa vibaya. Nikajiona pale chini, mikono nyuma, nikikosoa mahindi ya watu. Mtoto akanitahadharisha: miezi hiyo ndiyo ya vumbi. Upepo unatoka Sahara, unavuka bahari, na siku mbili tatu mbingu inakuwa ya rangi ya chungwa, magari yanakuwa mekundu, wazee wanaambiwa wasitoke nje.

Nilikaa na taarifa hiyo muda mrefu. Vumbi la Afrika linaingia kisiwani, kila mwaka, bila kadi ya njano ya chanjo, bila barua ya benki, bila picha mbili zenye mgongo mweupe. Mimi nimeshapeleka cheti cha kuzaliwa mara mbili kwa mtu mmoja nyuma ya meza moja, ambaye sitamtaja na ambaye mara zote mbili alikuwa anakula. Na nikifika nikute nini? Vumbi. Vumbi ninalo. Mwezi wa nane hapa nafuta kiti, nakaa, nasimama, na alama ya suruali inabaki kama muhuri wa serikali.

Zikabaki pande mbili ambazo mtoto mwenyewe alikuwa amezisema tangu mwanzo, na ambazo hakuna aliyemsikiliza kwa sababu ni mtoto: mwezi wa tano au mwezi wa kumi. Joto la hewa halipishani sana, watu wamepungua, bei imeshuka. Nikauliza basi tofauti ni nini. Akasema bahari. Mwezi wa tano maji ni kama nyuzi 20, mwezi wa kumi ni kama 25.

Fundi wa matairi alikataa katakata. Hewa ileile, maji tofauti? Nikamwonyesha kwa sufuria ya bukari, yaani ugali wetu. Maji unayaweka kwenye makala. Mwanzoni jiko linawaka na maji bado yanakutazama tu. Baadaye makala yamekuwa majivu, umeshapakua, watu wamenawa, ukitia kidole kwenye sufuria ya maji iliyobaki unaruka. Bahari ni sufuria kubwa. Mwezi wa tano jiko ndio kwanza limewashwa. Mwezi wa kumi jiko limezimwa lakini sufuria haijapata habari. Fundi alitia kidole, akaruka, akakubali. Hiyo ndiyo sayansi pekee iliyofanyika kwenye baraza lile.

Kwangu maji ya moto si jambo dogo. Mimi maji makubwa niliyoyazoea ni ya mto Kafubu, na hata hayo tunasalimiana kwa mbali. Kama nitatumbukizwa baharini nikiwa na umri huu, mbele ya wasichana wa chuo kikuu, afadhali nisipige kelele mara mbili. Nikasimama nikatangaza: mwezi wa kumi.

Katekista alikuwa amenyamaza jioni nzima, na mimi nilidhani amesinzia. Kumbe alikuwa anatafuta ukurasa. "Matendo, sura ya 27," akasema, na akina mama waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama.

Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa viza, kwa fedha, kwa mgongo. Si kwa Mtume Paulo. Lakini lazima nikiri kwamba katika watu wote walioombwa ushauri juu ya majira ya kusafiri Mediterania, hakuna anayemshinda. Katekista akatueleza kama aliyekuwemo: jinsi walivyopita kando ya Kipro kwa kujificha upepo wa mbisho, jinsi walivyofika Krete siku za saumu zikiwa zimepita, yaani ndio huo huo mwezi wa tisa kuingia wa kumi, jinsi Paulo alivyowaambia wasiendelee, na jinsi akida alivyomsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Watu 276. Siku kumi na nne za tufani, nyingi bila jua wala nyota. Merikebu vipande vipande, na wote wakafika pwani ya Melita, ambayo ndiyo Malta, wengine juu ya mbao.

"Wote walipona," nikasema.

"Paulo alikuwemo," akasema katekista. "Kwako weye nani atakuwemo?"

Nikamwambia mimi napanda ndege. Akanyoosha kidole juu, kule ambako ile ya jioni ilikuwa inashusha magurudumu. "Na hiyo itapita juu ya nini? Juu ya bahari ileile." Mama mmoja mwenye ndoo akasema "eee Bwana". Mwingine akakumbusha kwamba hata baada ya kuokoka, Paulo aliokota kuni akaumwa na nyoka. Nikasema sitaokota kuni. Hakuna aliyeniamini, kwa sababu kila mtu hapa ananijua na makala.

Hata hivyo nilishikilia mwezi wa kumi. Miezi sita nilikuwa mtu wa mwezi wa kumi. Nilinunua kaptula ya kuogelea sokoni, ya bluu, yenye mnazi mmoja mbele na mmoja nyuma, nikaificha kwenye sanduku la zana, mahali ambapo mama watoto hafungui. Mwezi wa tisa shule zikafunguliwa, na elimu ya bure ya msingi iliyoanza 2019 ilikuta wangu wameshavuka kwenda sekondari, kwa hiyo minerivali, yaani karo, ikaichukua nusu yangu ya tiketi bila kuniuliza mwezi. Nikasema sawa, tutakopa. Kisha miti ya jakaranda ikachanua zambarau katikati ya mji, joto likapanda, na jioni moja mama watoto akasimama uani, akatazama mawingu ya upande wa Kasumbalesa, akatazama paa, akanitazama mimi.

"Mvua inakuya," akasema. "Na bati?"

Upepo wa mwezi wa tatu ulikuwa umenyanyua mabati saba ya upande wa jikoni. Tuliyabana na matofali, tukasema tutatengeneza ukavu ukija. Ukavu ulikuja. Ulikuja na wachumba watatu. Akaenda kwenye sanduku la zana kuniletea nyundo.

Sitaeleza yaliyofuata kuhusu kaptula.

Kwa hiyo juzi, Jumamosi, saa sita kasoro, mwezi wa kumi, nilikuwa juu ya paa langu la Luano, na bati linachoma kupitia suruali. Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa sauti, sekunde ishirini. Hakuna salamu safari hii, kwanza kelele kama ya mtu anayemwaga mchanga polepole, kisha sauti ya mtoto: "Baba mukubwa, sikiya. Maji iko moto bado."

Nikausikiliza mara ya pili. Nilipokuwa natafuta mara ya tatu, ile ya saa sita ikaja, na safari hii imewahi. Kutoka chini ya mwembe naonaga tumbo tu. Kutoka juu ya paa, ukiinamia upande wa jikoni, ndege inapita ubavu, na niliona madirisha, yale madogo ya mviringo, mstari mzima, na kwenye moja kulikuwa na mtu amebandika paji la uso kwenye kioo anatazama chini. Nikampungia mkono. Ndio mkono uliokuwa umeshika msumari.

"Baba," mama watoto akaita kutoka chini, "imebakia bati ngapi?"

"Nne."

"Na nini hiyo inalia?"

"Bahari," nikasema, na nikaomba anirushie msumari mwingine.